Itale ya Iringa au jiwe jeusi la Tukuyu? Angalia punje kwanza ndo ulipie tripu

Kamwene kwa ndugu zangu wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe, na wengine wote habari za leo. Naandika hii kwa sababu ya shemeji yangu. Yeye kakulia Iringa, kwao ukitoka nje tu unaona miamba mikubwa ya itale (graniti kama wengi tunavyosema), toka amuoe dada yangu wamepata kiwanja Tukuyu, wilayani Rungwe, na anataka kuanza msingi kiangazi hiki, sasa wiki iliyopita kanipigia simu anauliza lori la kubeba mawe kutoka Iringa mpaka Tukuyu litakula kiasi gani. Karibu kilomita 400! Nikamwuliza, shemeji, kwani Tukuyu mawe yameisha? Akasema yapo, tena mengi, ila yale meusi "hayana punje, yako kama udongo uliokauka, siyaamini kuweka chini ya nyumba ya watoto."

Nikaona nikae chini niandike vizuri maana wanaofikiri kama shemeji ni wengi, na upande wa pili nao wapo, kuna watu wa Rungwe ukiwaonyesha itale yenye punje kubwa wanakwambia hilo jiwe la chenga chenga litamomonyoka tu. Wote wanaangalia kitu sahihi kabisa, yaani punje, zile chembe za madini zilizoshikana kutengeneza jiwe. Shida ni kwamba wanakisoma vibaya, na kusoma vibaya kunagharimu hela nyingi sana kwenye ujenzi, mi mwenyewe iliwahi kunigharimu, nitafika huko.

Tuanze na punje yenyewe inatoka wapi, maana ukilielewa hili mengine yote yanakuja yenyewe. Chukua asali. Kwa baridi ya Njombe asali ikikaa inaganda, si ndiyo? Ikiganda pole pole unakuta chenga kubwa kubwa chini ya kopo, zinakwaruza ulimi, ila ikiganda haraka inakuwa laini kama siagi. Miamba moto ni hivyo hivyo. Huko chini kuna uji wa mawe yaliyoyeyuka, ukipoa taratibu zinaanza mbegu chache za punje na kila moja inapata muda wa kuvuta chakula na kunenepa. Ukipoa haraka mbegu zinaanza nyingi kwa pamoja, zinanyang'anyana nafasi, zote zinabaki ndogo. Ukipoa ghafla kabisa hamna mbegu inayowahi kuota, unapata kioo.

Kuna Mskoti mmoja, James Hall, alilifanyia hili jaribio la kweli na mwaka 1798 akatoa matokeo. Alichukua mawe meusi ya kwao, ndugu wa haya ya Rungwe, akayayeyusha kwenye tanuru. Akiyapoza ghafla anapata kioo cheusi kama cha chupa. Akakiyeyusha kioo hicho hicho tena, safari hii akakipoza taratibu, akapata jiwe lenye punje. Kitu ni kilekile, kilichobadilika ni muda tu. Na wazo lenyewe alilipata kwenye kiwanda cha chupa kule Leith, ambako kioo kilichoachwa kipoe chenyewe taratibu kiligeuka kikawa kama jiwe. Mi hii habari huwa inanifurahisha kila nikiikumbuka, kwamba siri ya mlima mzima ilijificha kwenye tanuru la chupa.

Sasa rudi kwetu. Itale ya Iringa iliganda chini sana, kilomita kadhaa ndani ya ardhi, imefunikwa na mwamba juu kama chungu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba, joto halina pa kutokea, kwa hiyo ikapoa kwa muda mrefu mno na punje zikanenepa. Ni mawe ya zamani sana yale, zaidi ya miaka bilioni moja na nusu, na kilichokuwa juu yake chote kimeshaliwa na mvua na upepo ndo maana leo unaliona jiwe la Gangilonga limekaa wazi juu ya mji, watu wanapanda kuangalia jua likizama. Jiwe jeusi la Tukuyu, yaani basalti, lenyewe lilitoka nje likiwa moto wa nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi, likamwagika juu ya ardhi, likakutana na hewa na mvua yetu ya Rungwe na mito, likaganda haraka. Daraja la Mungu pale Kiwira ni mtiririko wa namna hiyo. Na mlima Kyejo, hukohuko Rungwe, mara ya mwisho ulimwaga karibu na mwaka 1800, mababu wa mababu zetu waliona kwa macho. Kwa hiyo shemeji anaposema "halina punje", hapana shemeji, linazo, tena maelfu, ila ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi.

Nimewahi kumweleza mtu mmoja kwa chakula akaelewa mara moja. Itale ni kande. Ukiangalia sahani unaona hili hindi, hili haragwe, hii karanga, kila kitu na sura yake. Basalti ni ugali, unga ni uleule wa mahindi ila huoni punje, umeshikana kitu kimoja. Hamna mtu anayesema ugali hauna nguvu kwa sababu haonekani mahindi.

Ukilishika jipande la itale lililovunjwa leo leo, lishike juani uligeuzegeuze taratibu. Utaona vitu vitatu. Kuna punje za pinki au nyeupe ambazo ghafla zinamulika kama kioo cha kujitazamia, zikishamulika zinazima ukigeuza kidogo, hizo ni feldspa. Kuna za kijivu zinazofanana na chupa iliyovunjika, hazina uso bapa, hizo ni kwatzi, na ndizo ngumu kuliko zote hapo, zinakwaruza kioo cha dirisha bila shida. Na kuna vijani vyeusi vinavyong'aa ambavyo unaweza kuvibandua kwa ukucha, maika. Ukishaziona hizo tatu kwa macho matupu zimeshikana kwa kila upande bila mpangilio, hiyo ni itale. Zikiwa zimejipanga mistari mistari, nyeusi nyeupe nyeusi nyeupe kama kitenge, hiyo siyo itale, hiyo ni naisi, jiwe lililobanwa na kupikwa upya, na Iringa zipo tele na wauzaji wanaziita graniti hizo hizo. Siyo mbaya, ila inapenda kupasuka kufuata mistari yake, kwa hiyo kwenye ukuta ilaze mistari iwe mlalo, usiisimamishe.

Ukilishika la Tukuyu sasa, jeusi au kijivu cha giza, ni zito mkononi kuliko ulivyotegemea. Ukilivunja linatoa ukingo mkali wa kukata kidole. Unaweza kuona vidoa vya kijani kibichi kama vipande vya chupa ya bia, hiyo ni olivini, ilianza kuota huko chini kabla uji haujatoka nje. Hayo ndo mawe ya hatua mbili, yalianza kupoa pole pole yakatengeneza punje chache kubwa, afu yakarushwa nje na kilichobaki kikaganda haraka. Pale kwenye safu ya Rungwe utakuta pia ya kijivu cheupe yenye vipande virefu vinavyometa ndani ya unga mzito, ni hadithi ileile. Kwa ujenzi mi sina ugomvi na mawe ya hatua mbili, kama unga wake ni mgumu basi jiwe ni gumu.

Kitu kimoja kabla hatujaenda kwenye kazi. Punje inakwambia jiwe lilipoa vipi, haikwambii limetengenezwa na nini. Rangi ndo inakusogeza huko. Itale ina silika nyingi (kitu kilekile kinachotengeneza kwatzi na kioo) ndo maana imejaa kwatzi, basalti ina chuma na magnesiamu nyingi ndo maana nyeusi na nzito. Uji uleule wa basalti ukigandia chini pole pole unakuwa gabro, nyeusi lakini yenye punje za kuonekana, na kule Ludewa upande wa Liganga, penye chuma, gabro ipo pamoja na mwenzake anothosaiti, jiwe lililojaa feldspa. Hii ina maana kwako ukienda duka la marumaru ukaambiwa "hii ni graniti nyeusi" ya kaunta ya jiko. Mara nyingi ni gabro au doleraiti (ndugu yao, punje zake ziko katikati ya za basalti na za gabro). Usigombane na muuzaji, kwa kaunta ni jiwe zuri sana, limao na nyanya haziliharibu kama zinavyoharibu marumaru halisi. Ila ujue unalipia nini.

Haya, msingi. Hapa ndo shemeji alipokwama kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jiwe zima la itale au la basalti, mojawapo, linahimili zaidi ya kilo 1,000 kwa kila sentimita moja ya mraba, yaani eneo la ukucha wa kidole gumba chako. Nyumba ya chini ya vyumba vitatu haifiki hata karibu na hapo. Kwa hiyo kuuliza lipi lina nguvu zaidi kwa ajili ya msingi ni kama kuuliza ng'ombe yupi ataweza kubeba kuku. Wote wataweza. Kinachoamua ni mambo mengine: jiwe ni zima au limeoza, linanyonya maji kiasi gani, linakaa vipi kwenye mota (ule mchanganyiko wa sementi na mchanga), na liko umbali gani na kiwanja.

Kuoza ndo kulikoniumiza. Miaka ya nyuma nilijenga ukuta wa uzio Iringa, nikanunua tripu mbili za mawe kwa mtu mmoja, itale nzuri ajabu, ya pinki, punje kubwa kama harage, nikasema hili jiwe linajiuza lenyewe. Sikulivunja hata moja kuangalia ndani. Misimu miwili ya mvua baadaye nikienda kuangalia nakuta sementi imebaki imesimama kama kingo za vyungu, na mawe yenyewe yamerudi ndani, ukipitisha kidole gumba yanadondosha mchanga. Feldspa ilikuwa imeshageuka udongo mweupe siku nyingi, toka likiwa mlimani, na kwatzi ikabaki haina wa kumshika. Hiyo ndo tabia ya jiwe la punje kubwa likichoka: linaachana punje kwa punje. Basalti ikichoka inafanya tofauti, inaota ganda la kahawia kama kutu kuzunguka nje, unaweza kulibandua kama ganda la kitunguu, na mara nyingi katikati bado kuna kiini kizima kabisa. Kwa hiyo la Tukuyu ukilipasua utaona lilipoishia kuoza, itale iliyooza imeoza mpaka ndani na kwa mbali bado inapendeza.

Kwa hiyo shemeji ule woga wa watu wa Rungwe kwamba itale "itamomonyoka" unatoka mahali, wameona kama nilichoona mimi. Ila itale zima haifanyi hivyo, Gangilonga iko pale.

Upande wa mota, itale inashinda kidogo kwenye uso wake wenye chenga, sementi inapata pa kushika. Basalti laini sana yenye nyuso bapa kama kioo inahitaji uioshe vumbi na uiloweshe kidogo, fundi wengi wanaruka hili. Afu itale inachongeka. Ukiitobolea mstari wa matundu ukaingiza vipande vya chuma ukagonga kwa zamu, inapasuka karibu mstari ulionyooka, unapata jiwe la pembe nne. Basalti inavunjika inavyotaka yenyewe, kama chupa, kwa hiyo ukuta wa kuonekana nje wa basalti unakula muda wa fundi kupanga na unakula mota zaidi kujaza mapengo. Kama unataka ukuta wa mawe wa kuonyesha wageni, itale. Kama ni msingi unaozikwa chini, hakuna wa kuuona.

Na ukubwa sawa siyo uzito sawa. Jiwe la sentimita 20 kila upande, la itale linakaa kwenye kilo 21 na nusu hivi, la basalti isiyo na matundu linafika 23. Kwenye lori zima inaonekana.

Nimesema basalti isiyo na matundu makusudi. Uji unapotoka nje una gesi ndani kama soda, chupa ikifunguliwa gesi inatoka, uji ukiganda kabla gesi haijaisha kutoka unabaki na matundu. Mawe ya juu ya mtiririko ndo yana matundu mengi, ya katikati yanakuwa yamebana. Kwa hiyo kwenye machimbo yaleyale moja Tukuyu unaweza kupata jiwe la daraja la kwanza na jiwe la kupitisha maji kama mkate wa mchele. Na mwisho wa safari hiyo ni pamisi, yale mawe meupe mepesi ya kusugulia miguu, ambayo ni povu la kioo tu, yanaelea kwenye ndoo. Mlima Rungwe uliyarusha mengi sana kwenye mlipuko mkubwa miaka kama 4,000 iliyopita, ukipita barabara zilizochongwa kwenye kingo kule juu unaona tabaka lake limelala kama chumvi. Pamisi siyo ya msingi. Lakini usiidharau, kwenye ukuta wa juu au zege jepesi inazuia baridi vizuri kwa sababu imejaa hewa, na Warumi walichanganya mawe mepesi ya namna hiyo kwenye sehemu ya juu kabisa ya kuba la Pantheon, hekalu lao kule Roma, upana wa mita 43, na bado limesimama toka karne ya pili.

Kokoto sasa, na hapa mi nina upande kabisa, sijifichi. Kokoto za zege ni jiwe jeusi lililobana, asubuhi na jioni. Sababu ni punje. Fikiria kokoto ya milimita 20. Kama jiwe mama lina punje za milimita 15, hiyo kokoto yako ni punje mbili tatu tu zimeshikana, na feldspa ina tabia ya kukatika kwenye nyuso zake bapa, kwa hiyo ukigonga unapata zilizopasuka ndani kabla hata hazijaingia kwenye zege. Jiwe la punje ndogo, kokoto moja ina maelfu ya punje zimefumana, ufa ukianza hauna njia nyoofu ya kupita. Kwa kawaida kabisa jiwe la aina ileile likiwa na punje ndogo linakuwa gumu kuliko lenye punje kubwa. Itale ya punje ndogo au za wastani nayo ni kokoto safi kabisa, watu wa Iringa msinielewe vibaya, nachokataa ni ile ya punje kama harage. Na kwa barabara ya lami basalti inaongeza pointi nyingine, lami inaishika vizuri kuliko inavyoshika itale, maana ile kwatzi inapenda maji kuliko lami, maji yakiingia lami inaachia.

Ubaya wa basalti kwenye kokoto ni vipande bapa. Nilikaa siku moja na mzee anayegonga kokoto kwa mkono njia ya Kiwira, nikamwamkia shikamoo mzee akaitika marahaba mwanangu, afu akanionyesha bila kuulizwa: jiwe moja akaligonga pembeni likatoa kipande chembamba kama gae la chungu, akakitupa. Akaligeuza akaligonga katikati ya uso likatoa kipande mchemraba. "Hiki kinakaa vizuri kwenye zege, kile kinajilaza tu," akasema. Vipande vyembamba vinajilaza kimoja juu ya kingine, maji na hewa vinabaki chini yake. Kwa hiyo ukinunua ingiza mkono kwenye rundo, vyembamba vikiwa vingi mwambie aondoe au punguza bei. Na kokoto za matundu au za kioo kioo usiweke kwenye nguzo na boriti, za matundu ni dhaifu, na kioo chenye silika nyingi kinaweza kugombana na alkali ya sementi taratibu miaka inavyoenda mpaka zege linapasuka. Ila ukisaga kioo hichohicho kiwe unga laini kama unga wa sembe kinageuka rafiki wa sementi, ndo pozolana hiyo.

Ngazi za nje na njia ya miguu, itale. Nasema hivyo kwa sababu ya mvua ya Tukuyu hasa. Basalti ikikanyagwa miaka mingi inasuguka kwa usawa maana punje zake zote zinaisha pamoja, inakuwa laini, inateleza. Itale ina kwatzi ngumu na maika laini, zinaisha kwa kasi tofauti, uso unabaki na mkwaruzo. Bibi mzee akishuka asubuhi na kandambili anahitaji huo mkwaruzo.

Mafiga. Najua wengine mtasema gesi ipo, lakini kwenye msiba na harusi tunapikia wapi? Kule kwa wachimba mawe wa itale kuna mbinu ya kuwasha moto juu ya mwamba, ukishapata joto wanagonga na unabanduka sahani sahani. Inafanya kazi kwa sababu uso wa mwamba unatanuka kwa joto kuliko ndani, na kwatzi inatanuka kuliko wenzake, hasa ikikaribia nyuzi 573, kwa hiyo punje zinasukumana. Sasa kama moto ndo unaolivunja jiwe, kwa nini uliweke kuwa figa? Itale kwenye moto inabanduka magamba, na magamba yanaruka. (Na ukinunua mawe yaliyotolewa kwa moto, gonga kila moja usikilize, mengine yana ufa wa ndani tayari.) Basalti haina kwatzi, punje ni ndogo, inavumilia zaidi. Wamaori wa New Zealand wanaopika kwenye shimo la mawe ya moto huwa wanachagua mawe ya volkeno kwa sababu hiyohiyo.

Lakini siyo basalti yoyote. Mwaka mmoja kwenye msiba kwetu Rungwe, vijana walienda kuchukua mafiga mtoni, mazuri meusi ya duara, wakayapanga yakiwa bado na maji. Mama mdogo alikuwa anakoroga maharage. Figa moja lilianza kulia kama mluzi, afu likapasuka kama bunduki, kipande kikatoboa sufuria na kingine kikapita karibu na uso wake. Lilikuwa la matundu, maji yalikuwa ndani, maji yakawa mvuke na mvuke haukuwa na pa kutokea. Toka siku hiyo kwetu figa linatoka kilimani pakavu, limebana, na linakaa pembeni ya moto mdogo kwanza kabla ya moto mkubwa. Naomba hili mlishike kuliko yote niliyoandika.

Jiwe la kusagia ndo sehemu ambayo matundu yanashinda. Basalti yenye matundu madogo madogo kila ikisagika matundu mapya yanafunguka yakiwa na kingo kali, kwa hiyo jiwe linajinoa lenyewe, na Mexico wanatumia la namna hiyo kusagia mahindi toka zamani za kale. Itale inasaga vizuri ila inasuguka mpaka inakuwa laini, bibi yetu alikuwa anaigongagonga kwa kijiwe kigumu kila baada ya muda irudi kuwa kali. Na itale iliyochoka inaachia mchanga kwenye unga, meno yanajua.

Kupima ni rahisi, huhitaji mtaalamu wala maabara. Vunja jiwe moja toka katikati ya rundo, siyo lile la juu alilokuwekea. Angalia uso mpya ukiwa mkavu, afu uloweshe uangalie tena, punje zinajitokeza zikiloa, piga picha na simu uikuze. Lipige na nyundo, zima linalia ngi!, bovu linasema bu. Sugua kwa kidole gumba. Dondosha tone la maji, likikaa juu ni vizuri, likizama jiwe linakunywa. Ukitaka uhakika zaidi pima jiwe kavu la kilo 10 kwenye mizani ya dukani, lizamishe kwenye ndoo usiku mzima, asubuhi lifute upime tena. Likiongezeka chini ya gramu 100 endelea nalo. Likizidi sana, mwambie muuzaji asante.

Shemeji nilimtumia haya yote kwa sauti, dakika nyingi, akakaa kimya siku mbili. Jana kanijibu. Msingi na kokoto anachukua jiwe jeusi la palepale, ataenda mwenyewe machimboni na nyundo yake na kidumu cha maji. Kutoka Iringa atapakia kenta moja tu, itale ya punje za wastani iliyochongwa, kwa ajili ya ngazi sita za mbele. Dada naye kaongeza la kwake, amesema jiwe la kusagia la bibi liwekwe humohumo kwenye kenta likija.